Ile bendera ambayo haikurushwa New Orleans: refa hakuona, aliogopa, au sheria ndiyo mbovu?

#1 Mzee wa Yadi
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wale wanaokesha na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wengine karibuni mjifunze.

Tarehe 20 Januari 2019, fainali ya NFC (mshindi anaenda Super Bowl, fainali kuu ya ligi), Saints wako kwao Superdome, Rams ni wageni. Ubao 20-20, robo ya nne, imebaki dakika 1 na sekunde 49. Dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne), zinatakiwa yadi 10, mpira uko yadi 13 kutoka goli la Rams. Drew Brees wa Saints anarusha pembeni kwa mdakaji wake Tommylee Lewis. Mlinzi wa Rams, Nickell Robey-Coleman, anakuja mbio, hageuki kuutafuta mpira hata kidogo, anambeba Lewis mzobemzobe kabla pasi haijafika. Waamuzi saba uwanjani, bendera (kitambaa anachorusha refa akiona kosa) hakuna.

Saints wakapiga teke la pointi 3, 23-20. Rams wakarudi, Greg Zuerlein akasawazisha kwa teke la yadi 48, kwenye muda wa nyongeza akamaliza kazi kwa yadi 57. Ikaisha 26-23, Rams wakaenda Super Bowl.

Hoja yangu: refa aliona, ila sheria ilimtia woga. Kosa la kuingilia pasi, yaani kumzuia mdakaji kabla mpira haujamfikia, halina kikomo cha yadi, mpira unapelekwa pale pale kosa lilipotokea. Mtu akijua kitambaa chake kinaweza kuamua nani acheze Super Bowl, mkono unaganda. Mnasemaje?

#2 Dagaa Mchele
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Kitambaa Chekundu
Mzee wa Yadi, hesabu yako haisimami. Mpira ulikuwa yadi ya 13. Hata kosa lingetokea ndani ya endizoni (eneo la kufungia, nyuma ya mstari wa goli), sheria inasema mpira uwekwe yadi ya 1. Kwa hiyo adhabu kubwa kuliko zote pale ni yadi 12, na hii haikufika huko. Unaniambia mtu wa NFL anaogopa yadi 12?

Tatizo lilikuwa mahali pa kusimama. Katikati ya uwanja, waamuzi wawili wa nyuma wanaokaa pembeni huanza yadi 20 mbele ya mstari wa kuanzia. Mchezo ukisogea karibu na goli, wanarudi wanasimama kwenye mstari wa goli. Ukiwa pale, mdakaji na mlinzi wanakuja upande wako, na mpira nao unakuja upande huo huo. Kilichofika kwanza, mpira au bega, unakikisia tu. Sisi tumekaa na kamera ya ubavuni tunaona mwanya mkubwa kama mlango wa gereji.

#4 Binti Tandale
Samahani wakuu, mimi wa soka la kawaida. Hiyo penalti ingetolewa, angepiga nani? Brees?

#5 Dagaa Mchele
😂😂😂 Uzi umeiva.

#6 Fundi Saa
Msimcheke, ni swali zuri. Dada, kule penalti haipigwi. Ni adhabu ya kusogeza mpira mbele au nyuma, na mara nyingine kuongeza dauni au kufuta. Unapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kila jaribio ndiyo dauni. Baadhi ya adhabu kwa kifupi:

Kuanza kabla ya mpira, yadi 5. Kuotea, yaani kuwa upande wa wapinzani mpira unapoanza, yadi 5. Mshambuliaji kumshika mlinzi, yadi 10. Mlinzi kumshika mdakaji, yadi 5 na dauni ya kwanza bila kujali zilikuwa zimebaki ngapi. Kumgonga kotabeki (mrusha pasi, kama Brees) ambaye ameshautoa mpira mkononi, yadi 15 na dauni ya kwanza. Mlinzi kuingilia pasi, hapo hapo kosa lilipotokea, na dauni ya kwanza.

Halafu kuna kitu ambacho soka haina: timu iliyokosewa inaweza kuikataa adhabu. Ukiwa umepata yadi 30 kwenye mchezo ule ule ambao mpinzani kakukosea yadi 5, unabaki na 30 zako.

#7 Binti Tandale
Asante. Kumbe bendera ni ya refa, siyo ya mshika kibendera.

#8 Nahodha77
Watu wanasahau saa. Bendera ile ingewapa Saints dauni mpya mlangoni kwa Rams. Pasi ilianguka saa ikisoma 1:45. Brees anapiga goti mara tatu (anapoteza jaribio makusudi ili saa itembee), saa inakwisha, teke linapigwa zikiwa zimebaki sekunde 2. Mchezo umeisha 23-20. Ndiyo maana watu wa New Orleans hawasamehi.

#9 Fundi Saa
Nahodha77, karibu upatie. Umesahau taimauti, nafasi ya timu kusimamisha saa. Tuwape Rams moja tu mkononi. Goti la kwanza sekunde 3, saa 1:42, Rams wanaisimamisha. Goti la pili, 1:39, hapo saa inakimbia na Saints wana sekunde 40 za kujivuta, 0:59. Goti la tatu, 0:56, toa 40 nyingine, 0:16. Teke linakula sekunde 4. Rams wanapokea mpira na sekunde 12 bila taimauti. Kilichotokea kweli ni kwamba walipokea ikiwa 1:41. Kati ya sekunde 12 na sekunde 101, hapo ndipo Super Bowl ilipopotelea.

#10 Kichwa Ngumu
Mashabiki wa Saints miaka yote hii mnalia na mchezo mmoja. Nawakumbusha vitu vitatu.

Moja, dauni ya kwanza ya majaribio yale yale, saa 1:58, badala ya kukimbia na mpira ili saa itembee, walirusha pasi ikagonga chini, saa ikasimama bure. Refa ndiye aliwatuma?

Mbili, muda wa nyongeza walishinda shilingi wao. Mpira wao wa kwanza. Brees akarusha, John Johnson akaunasa.

Tatu, dakika chache kabla ya kilio chenu, Jared Goff alikimbia kuelekea goli na mlinzi wa Saints akamkamata vyuma vya uso vya helmeti. Hiyo ni adhabu kubwa. Bendera haikurushwa, Rams wakaambulia pointi 3 badala ya kupata dauni mpya pale golini. Hiyo hamuitaji kwa nini?

#11 Mzee wa Yadi
Kichwa Ngumu unachanganya mada. Kosa la refa huku halifuti kosa la refa kule.

#12 Kichwa Ngumu
Halifuti. Ila linaonyesha kwamba waamuzi siku ile walikuwa wamefunga mfuko kwa pande zote mbili. Waliamua wachezaji wamalize wenyewe. Hiyo ndiyo sababu halisi, siyo woga wala kona ya macho.

#13 Jirani wa Namanga
Hapo naona Kichwa Ngumu ana kitu. Lakini kuna la nne hamjaligusa: kwenye mtoano waamuzi hawaji na kikosi chao cha msimu. Wanachaguliwa mmoja mmoja kwa alama walizopata, wanaunganishwa. Watu ambao wiki 17 walikuwa wanajuana kwa jicho tu, nani anamtazama mdakaji wa ndani, nani wa nje, sasa wanafanya kazi na wageni. Mdakaji akitokea nyuma ya kotabeki na kukimbilia pembeni kama alivyofanya Lewis, anavuka kutoka mikononi mwa mwamuzi mmoja kwenda kwa mwingine. Kila mmoja anadhani mwenzake anacho kitambaa. Mpira wa hivyo hata Kariakoo derby unawapita.

#14 Kitambaa Chekundu
Hiyo inakubaliana na maneno ya refa mkuu, Bill Vinovich. Baada ya mechi alisema ulikuwa uamuzi wa mwamuzi aliyekuwa na eneo lile, na yeye mwenyewe hajauona mchezo huo. Refa mkuu, yule mwenye kofia nyeupe, anakaa nyuma ya kotabeki. Kazi yake ni kumlinda kotabeki, mpira ukishatoka mkononi yeye bado anamtazama Brees.

#15 Nahodha77
Mimi nadhani aliyekuwa karibu aliamini mpira umeguswa njiani. Pasi ikishaguswa na mtu yeyote, zuio la kuingilia pasi linakufa palepale, unaruhusiwa kumgonga mdakaji. Au aliona pasi haidakiki, na pasi ya hivyo haina kosa la kuingilia.

#16 Fundi Saa
Haidakiki? Ilianguka karibu na miguu yao. Pasi isiyodakika ni kama ile ya Panthers na Patriots, 18 Novemba 2013. Mchezo wa mwisho kabisa, Luke Kuechly wa Panthers amemkumbatia Rob Gronkowski wa Patriots mwishoni mwa endizoni kama ndugu wamekutana stendi, Tom Brady katupa pasi fupi, mlinzi mwingine kaidaka mbele yao. Bendera ikarushwa, waamuzi wakakutana, wakaiokota. Panthers 24-20. Nayo hadi leo watu wanabishana, maana Gronkowski angeweza kusimama na kurudi kama asingesukumwa.

Na ya New Orleans, hata mkisema mpira uliguswa, bado kuna kosa la pili. Robey-Coleman aligonga kwa helmeti mdakaji asiye na namna ya kujikinga. Kosa hilo halijali mpira umeguswa au haujaguswa. Ligi yenyewe ilimtoza dola 26,739 kwa pigo hilo. Bendera mbili zilistahili, ikaja sifuri.

#17 Mzee wa Yadi
Fundi Saa umemaliza. Naongeza: mlinzi mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba alifika kabla ya mpira.

#18 Mla Mihogo
Wakuu mbona ligi ilirekebisha? Mwaka huo huo wakaruhusu makocha kutupa kitambaa chekundu kudai kosa la kuingilia pasi, hata lile ambalo refa hakuliita. Kura 31 kwa 1, Bengals peke yao wakakataa.

#19 Kitambaa Chekundu
Walirekebisha, msimu mmoja tu, 2019, mwaka uliofuata wakaiacha ife. Na ilivyokufa ndiyo funzo.

Marudio ya video yalijengwa kwa mambo yenye ndiyo au hapana. Mguu umekanyaga mstari? Goti limegusa kabla mpira haujaponyoka? Kuingilia pasi hakuna mstari. Ni kiasi: mkono umezuia, au umegusa tu? Ukipunguza kasi ya video, kila mguso unaonekana wizi wa mchana. Watu wa video wa ligi kule New York wakaweka kizingiti juu, wanabadilisha pale tu ushahidi ulipo wazi kabisa. Makocha wakatupa vitambaa, wakarudishiwa "uamuzi wa uwanjani unabaki" hata kwenye michezo iliyoonekana wazi kwa mtu wa kawaida. Kocha anayepoteza dai anapoteza na taimauti. Kufikia Novemba wengi walikuwa hawajisumbui.

#20 Mla Mihogo
Kwa hiyo shida ilikuwa utekelezaji, siyo sheria.

#21 Kitambaa Chekundu
Hapana, ni sheria. VAR yenu nayo inasema "kosa la wazi na dhahiri" na kila Jumamosi mnatukanana.

#22 Jirani wa Namanga
Haya tugeuze shilingi. Super Bowl ya 12 Februari 2023, Chiefs na Eagles, 35-35, imebaki 1:54, dauni ya tatu na yadi 8, mpira yadi ya 15 ya Eagles. James Bradberry anavuta jezi ya JuJu Smith-Schuster. Bendera ikarushwa. Chiefs wakapata dauni mpya, wakala saa, Jerick McKinnon akajilaza kabla ya goli makusudi ili saa isisimame, Harrison Butker akapiga yadi 27 zikiwa zimebaki sekunde 8. 38-35.

Mazingira ni pacha na New Orleans: dakika ile ile, dauni ya tatu, mlangoni. Mara hii refa kaita, dunia ikalalamika kwamba angewaacha wacheze. Sasa mnataka nini?

#23 Nahodha77
Ile pasi ilipita juu mbali. Haidakiki. Bendera ya nini?

#24 Fundi Saa
Nahodha77, hapa ndipo wengi wanachapia. Kosa la Bradberry halikuwa kuingilia pasi, lilikuwa kushika. Kipengele cha pasi isiyodakika ni cha kuingilia pasi peke yake. Kushika kunahesabiwa hata mpira ukirushwa upande mwingine wa uwanja.

Kinachotenganisha makosa haya mawili ni wakati mpira unapotoka mkononi mwa kotabeki. Vuta jezi kabla haujatoka, ni kushika: yadi 5 na dauni ya kwanza. Vuta jezi ile ile nusu sekunde baadaye, ni kuingilia pasi: yadi zote hadi pale. Mkono ni ule ule, jezi ni ile ile, tofauti inaweza kuwa yadi 40. Na mwamuzi anayetazama jezi hawezi wakati huo huo kumtazama kotabeki yuko yadi 25 nyuma. Anakisia kwa mlio wa uwanja na namna walinzi wengine wanavyogeuza vichwa.

Na kwa taarifa, Bradberry mwenyewe alisema alivuta jezi, alitumaini tu hawataita.

#25 Mzee wa Yadi
Ndiyo maana nasema adhabu ya kuingilia pasi ikatwe. Vyuo vya Marekani wanatoa yadi 15 za juu kabisa. Refa atakuwa huru kurusha.

#26 Kichwa Ngumu
Na mlinzi atakuwa huru kukaba koo. Piga hesabu. Timu iko yadi ya 25 yake, mdakaji kamwacha mlinzi hatua mbili, pasi inashuka yadi 45 mbele. Sheria ya sasa: mlinzi akimvuta, mpira unahamia yadi ya 30 ya wapinzani. Sheria ya vyuo: unahamia yadi ya 40 yake tu. Kati ya kuruhusu tachidauni (bao la pointi 6) na kulipa yadi 15, wewe ungechagua nini?

#27 Mzee wa Yadi
Tutenganishe: ya makusudi, pale pale. Ya bahati mbaya, 15.

#28 Kichwa Ngumu
Safi. Sasa refa aamue na nia ya mtu. Tutafungua nyuzi mpya kila Jumapili.

#29 Mla Mihogo
Upande wa pili nao kuna ujanja. Kotabeki anarusha ndefu lakini fupi kidogo makusudi, mdakaji anafunga breki na kurudi nyuma, mlinzi aliyekuwa anamkimbiza anamparamia mgongoni. Yadi 40 za bure bila mtu kudaka kitu. Joe Flacco enzi zake Ravens alipachikwa sana sifa hiyo.

#30 Jirani wa Namanga
Mmetaja Goff. Yule ndiye mtu ambaye waamuzi wamempa na kumnyang'anya. New Orleans alikuwa kotabeki wa Rams. Tarehe 30 Desemba 2023 yuko Lions, ugenini kwa Cowboys. Wanafunga tachidauni zikiwa zimebaki sekunde 23, 20-19, wanaamua kwenda pointi 2 (jaribio la ziada baada ya tachidauni) wamalize. Goff anampa Taylor Decker, anadaka, wanashangilia. Bendera.

Wachezaji wa ukuta, wale wanaomkinga kotabeki, wenye namba 50 hadi 79 hawaruhusiwi kudaka pasi mpaka waende kujiandikisha kwa refa kabla ya mchezo, naye awatangazie wapinzani. Lions walipeleka watu watatu karibu na refa: 58, 68 na 70. Decker ni 68. Refa Brad Allen akatangaza 70, Dan Skipper, ambaye mechi ile ile alishajiandikisha mara kadhaa kabla. Yadi 5. Jaribio la pili mpira ukanaswa lakini Cowboys walikuwa wameotea, la tatu likaanguka. Mchezo kwisha.

#31 Dagaa Mchele
Mtego uliwanasa wenyewe. Unapeleka watu watatu ili kumchanganya mpinzani, unamchanganya refa.

#32 Jirani wa Namanga
Hiyo ndiyo kambi moja. Nyingine inasema kusikiliza namba ni kazi yake ya kwanza kabisa, hata kabla ya filimbi. Na jambo lile halipitiwi kwenye video.

#33 Binti Tandale
Hicho kitambaa kinafikaje mbali hivyo? Naona wanarusha yadi 15 na kinaenda kama jiwe.

#34 Fundi Saa
Kimewekwa uzito ndani. Zamani walikuwa wanatia gololi ndogo za chuma. Desemba 1999 refa Jeff Triplette alirusha, kikamwingia jichoni Orlando Brown wa Browns, jitu zima la ukuta. Akamsukuma refa chini kwa hasira, akatolewa. Hakucheza tena hadi 2003.

Vile vifuko vya bluu wanavyoangusha siyo adhabu, ni alama ya mahali, mfano pale mpira ulipoponyoka. Na ukiona anatupa kofia, mdakaji amekanyaga nje mwenyewe, haruhusiwi kuwa wa kwanza kuugusa mpira akirudi. Au mwamuzi ameshatumia bendera na ameona kosa la pili.

#35 Nahodha77
Siku hizi si wana msaada wa video kwenye masikio?

#36 Kitambaa Chekundu
Wanao, tangu 2021, na 2024 na 2025 wakaongezewa mambo: kotabeki aliyegongwa, vyuma vya uso, na mengine. Lakini soma vizuri: kwa makosa haya video inaweza kuokota bendera iliyorushwa kimakosa. Haiwezi kurusha ambayo haikurushwa. Ile ya New Orleans ikitokea leo, inapita vile vile.

#37 Mzee wa Yadi
Kanuni ya 17 inampa kamishna wa ligi nguvu ya kurudisha mchezo kukitokea tendo la dhuluma ya kupita kiasi. Roger Goodell hakuigusa. Mashabiki wakaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Juu ya Louisiana ikawafungia mlango Septemba 2019.

#38 Fundi Saa
Kanuni hiyo ukisoma maneno yake haihusu makosa ya hukumu ya waamuzi, Mzee. Ni ya mtu kuingia uwanjani na kumkaba mchezaji, mambo ya namna hiyo.

#39 Binti Tandale
Ngoja nirudi kwenye kofia. Kwa maelezo ya #16 na #34, yule mwamuzi wa New Orleans alitakiwa kurusha bendera, halafu na kofia?

#40 Fundi Saa
Ndiyo. Umeshahitimu dada.

#41 Kichwa Ngumu
Na wa Goff kushikwa vyuma vya uso alitakiwa arushe nini, filimbi? Au hiyo bado hamuioni?